Kuta za Achieng zimeanikiwa omena

Leo nilitaka ardhi inimeze hapa Mbita.

Msichana wangu Achieng amejenga kibanda cha soko kwa mbao za maboti yaliyozeeka. Hakina misumari, kuta zinashikwa na nati za kufungua kwa mkono. (Picha mmeziona, nilipost zote.)

Leo afisa wa kaunti alikuja kukikagua, ndio aamue kama Achieng atajenga soko lote.

Nafika, sioni kuta.

Wamama wa soko wamezifungua, wamezilaza juani, wameanika omena, wale dagaa wa ziwa, juu yake.

"Mmeharibia mtoto wangu kazi," nikawaambia.

"Mama Achieng, tulia," mmoja akanijibu. "Ulitaka tuanike wapi, kwa kichwa yako?"

Afisa akafika, akauliza kuta ziko wapi.

Achieng akacheka. "Ziko kazini. Nilizitengeneza zitoke."

Mara mvua. Wamama wakazoa omena, wakarudisha kuta, afisa mwenyewe ameshika upande mmoja, suti yote inanuka samaki. Tukamalizia mazungumzo ndani, tukiwa wakavu.

Kazi amepewa, jameni.

Sasa nyinyi mlioniambia nimpeleke akasomee kushona, andikeni kitu hapo chini. Nasoma zote.