Upande wa Mwewe

Nilipokuwa kidato cha pili, Temeke, mwalimu wetu wa Kiswahili alichoshwa na midahalo ya mkulima na daktari. Akaandika ubaoni: "Mwasumini ni bora kuliko mwewe." Darasa zima likacheka. Mie sikucheka, maana nilipangwa kumtetea mwewe.

Muhula uliopita nilisimama, nikasema "Mheshimiwa mwenyekiti," halafu basi. Maneno yaligoma, nikakaa. Tangu siku ile wavulana wa nyuma wakaniita Mheshimiwa. Safari hii nilitaka kitu kimoja tu: nisikae kabla sijasema.

Nyumbani sikupata msaada. Shangazi, niliyekuwa nikiishi kwake, alifuga kuku, na chini ya dirisha lake alikuwa na mwasumini uliojaa maua. Jioni aliyatunga maua yale kuwa vikuba, vishada vya kujipamba, vya kuuza kwenye harusi.

"Mwewe? Mwizi yule?" akaniambia. "Asumini inampendezesha bibi harusi, mwanangu. Mwewe kampendezesha nani?"



Kesho yake mchana nilikuwa naanua nguo, mwewe akashuka uani. Mpangaji mwenzetu, aliyenuniana na shangazi wiki nzima kwa ajili ya zamu ya kufagia, ndiye aliyemwona kwanza.

"Shoga! Mwewe huyo! Vifaranga vyako!"

Shangazi akatoka mbio na mwiko wenye ugali, mwenzake na ufagio. Mwiko ukarushwa, khanga ikadondoka, mwewe akapaa makucha matupu. Wakabaki wanahema, wanatazamana.

"Wewe, ungeniua na mwiko wako!" akasema mpangaji.

"Nawe ulivyokimbia na gauni la ndani! Mtaa mzima umefaidi!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini, bega kwa bega. Nami nikasimama pale na nguo mikononi, nimepata hoja.

Siku ya mdahalo, msemaji wa mwasumini alikuja na asumini nywelani, akashangiliwa. Ikafika zamu yangu.

"Mheshimiwa mwenyekiti..."

"Mheshimiwaaa!" wakaitikia wale wa nyuma.

Nikatazama dirishani, nikaanza: "Kwetu kuna watu wawili walinuniana wiki nzima. Mwasumini ulikuwepo hapohapo chini ya dirisha, unanukia, nao wakazidi kununa. Aliyewapatanisha ni mwewe."

Mtu mmoja akacheka. Kile kicheko kilinifungua. Nikawaigiza wote: mwiko, ufagio, hata mwewe mwenyewe anavyogeuza shingo. Wavulana wa nyuma walikuwa wanapiga madawati.

Mtunza muda akagonga meza. "Muda umekwisha!"

"Subiri kwanza," nikamwambia, "bado sijafika kwenye khanga."

Kura zilipopigwa tulishindwa, tena vibaya. Wasichana karibu wote waliuchagua mwasumini, na nikisema kweli, hata mie ningeuchagua, maana harufu ile naipenda mpaka leo. Lakini mwalimu ilibidi aniambie mara mbili nikae chini.