Cheti Hakina Kosa

Mchana ule pazia lilikuwa likipumua taratibu, na baba alikuwa amesinzia kwenye kiti chake cha dirishani. Kitinda mimba wake, binti anayetengeneza tovuti hapo hapo nyumbani, alikuwa akigombana na kompyuta kwa sauti ya chini.

"Cheti si hiki hapa? Unataka nini tena, king'ang'anizi wewe?"

Alikuwa na programu ndogo ya kuandikiwa amri, inayotoa vyeti vya usalama, vya kuthibitisha kwamba tovuti ni ya kuaminika, kwa tovuti ambayo bado inajaribiwa mezani. Kompyuta ilishakubali kuiamini programu hiyo kama mtoa vyeti. Kivinjari cha kufungulia tovuti ndicho kilichogoma, kikionya: tovuti hii si salama. Akafuta cheti, akatoa kipya, akafuta tena. Wapi!

Kisha akaduwaa, kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Kivinjari kile hakisikii neno la kompyuta. Kina orodha yake chenyewe ya watoa vyeti kinaowaamini. Cheti hakikuwa na kosa. Akamtambulisha mtoa vyeti kwa kivinjari chenyewe, na onyo likayeyuka kama mvuke kwenye kioo.

Baba akafumbua macho. "Wewe nani?"

Tangu kumbukumbu zianze kumtoka, kila siku binti hujibu, "Mwanao," na kila siku baba hukunja uso. Leo alikitazama kwanza kivinjari. Akaita jikoni, "Mama, njoo umwambie wewe."

Mama akaja akijifuta mikono. "Huyu ni mtoto wetu wa mwisho."

Baba akatulia. "Ukisema wewe, sawa." Akamgeukia binti. "Karibu, mwanangu. Mbona umepotea siku zote hizi?"