Niliandika "Hasi" Bila Kumtoboa Mtoto Kidole

Nimekosa, na sina wa kumsukumia. Msinitafutie sababu. Mimi ni tabibu wa zahanati moja ya kijijini huku Singida, mwanamke mtu mzima, mama wa watoto wawili, na niliandika uongo kwenye daftari la zahanati kuhusu mtoto wa mwenzangu. Mtoto yule amekufa. Jina langu siliweki hapa kwa sababu naogopa. Ndiyo, naogopa!

Ngoja nieleze taratibu, maana nikikimbia nitaanza kujitetea.

Kijijini kwetu kuna mnada wa ng'ombe kila mwezi. Siku hiyo wafugaji wanaohamahama na mifugo yao hutoka porini, wanaume wanabaki mnadani na akina mama wanaleta watoto zahanati. Sisi tuliwaita wapitaji. Leo wapo, kesho wamehama. Kichwani mwangu nilishaamua kwamba mpitaji harudi. Ukimwambia aje baada ya siku tatu anaitikia tu, halafu humwoni tena.

Basi nikabuni utaratibu wangu. Siku moja kabla ya mnada, mimi na mhudumu wetu, mama mmoja tuliyefanya naye kazi miaka mingi, tunakaa mezani tunajaza vibahasha. Vya wakubwa tunatia vidonge vya rangi mbili. Vya watoto tunatia amoksilini, ile antibiotiki ya kuyeyusha kwenye maji, dozi ya siku tatu, na panado kidogo. Mpitaji akija na kikohozi, bahasha. Homa, bahasha. Kuhara, bahasha! Mhudumu aliwahi kuniuliza, "Dada, hawa hata hatuwapimi?" Nikamwambia aache ujuaji. Tukaziita bahasha za mnada, na tulikuwa tunacheka.

Vipimo vya malaria vilikuwepo. Hilo ndilo linaloniua! Ila kwenye mkutano wa kijiji watu walilalamika kwamba wapitaji wanamaliza vitu vya zahanati, na mimi nikataka nionekane nawajali wenyeji. Boksi la vipimo nikalitia kwenye droo yangu. Na kwa kuwa utaratibu unataka kila mwenye homa apimwe, mpitaji nikishampa bahasha naandika kwenye daftari "malaria: hasi". Sijamgusa hata kidole!

Mnada mmoja akaja binti mmoja wa Kisukuma. Nitamwita Mama Limi, si jina lake. Alikuwa na mtoto mgongoni, wa kike, wa kama miaka miwili hivi, macho yamelegea.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mtoto ana nini?"

"Homa. Inakuja, inaondoka, inakuja tena. Na anakohoa kidogo."

Niliposikia anakohoa, mkono ukaenda kwenye bahasha. Akaipokea lakini hakuinuka. Akasema kwa adabu kabisa, "Daktari, hutamtoboa kidole? Kule tulikotoka huwa wanatoboa kwanza."

Sikumuuliza kule ni wapi. Swali dogo hivyo, jamani! Walikuwa wametoka mapori ya Tabora, hata wiki mbili hazijaisha, na huko malaria ni nyingi kuliko huku kwetu. Mimi nikamjibu foleni nzima ikisikia, "Mama, daktari ni mimi au ni wewe?" Watu wakacheka. Akainamisha kichwa, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaondoka. Nikaandika hasi.

Siku ya nne nafika kazini, nani amekaa kwenye benchi? Yule yule. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Homa ilishuka, imerudi, na sasa mtoto hataki kula. Nilishtuka, kwa sababu kwa akili zangu huyu hakutakiwa kurudi. Badala ya kuona aibu, nikawaka.

"Nyie mnagawana dawa kama pipi! Umempa na wa jirani, sio?"

 Alifungua fundo la kanga, akanitolea bahasha yangu. Ilikuwa tupu. Pembeni alikuwa amechora vistari kwa mkaa, kimoja kwa kila alipompa mtoto dawa, asubuhi na jioni. Hajui kusoma yule binti, lakini hakuruka hata mara moja. Nilivihesabu mwenyewe, vikatimia sita.

Hapo ndipo nilipotakiwa kumpima. Droo ipo pale, hatua mbili tu! Lakini kumpima ilikuwa ni kukubali kwamba mara ya kwanza sikumpima, mhudumu yupo anaangalia, na daftari linasema hasi. Kiburi, ndugu zangu! Nikasema dawa ya kwanza ilikuwa ndogo, ngoja tumpandishie. Nikamchoma mtoto sindano kali ya antibiotiki, ile tunayotakiwa kuitunza kwa wagonjwa mahututi, nikamwambia mama amrudishe kesho kwa ya pili. Kwenye daftari nikaandika hasi nyingine. Akaniambia asante.

Kesho yake alikuja anakimbia. Mtoto alishikwa degedege njiani. Nilipomfunua kiganja, Mungu wangu, kilikuwa cheupe kama unga! Nikavuta droo, nikamtoboa kidole. Mistari miwili ikajitokeza kabla hata muda wake haujafika. Malaria! Ilikuwa inamla mtoto wa watu siku zote hizo, na mimi namshindilia antibiotiki.

Nilimpa dawa ya kwanza ya malaria kali, nikaandika rufaa, bodaboda akawabeba hadi hospitali mjini. Wakasema anahitaji damu. Damu ilitafutwa, ikapatikana, na wakati wanaitundika mtoto akakata roho. Nilipigiwa simu nikiwa nahudumia mgonjwa mwingine. Nikamalizana naye, nikaingia chooni, nikakaa chini sakafuni.

Mtadhani nilifukuzwa. Wapi! Wakubwa wa afya wa wilaya walikuja kukagua, kama inavyokuwa mtoto akifa. Wakafungua daftari. Mara ya kwanza hasi, mara ya pili hasi, mara ya tatu chanya, dawa imetolewa, rufaa imeandikwa. Wakaniambia kumbukumbu zangu ziko safi, kwamba ugonjwa ulijificha tu. Mkubwa wao akanipa mkono, akanipa pole! Mhudumu alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote. Ila tangu siku ile haniiti tena dada. Ananiita daktari.

Mnada uliofuata akaja baba wa mtoto, mtu mzima kuliko mimi, ameshika kofia mkononi. Nikajua amekuja kunipiga. Ukweli ni kwamba nilitaka anipige.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, daktari. Nimekuja kushukuru. Mwenzangu amenieleza ulivyohangaika na mtoto wetu. Tumemwachia Mungu." Akaendelea. "Kesho tunahamia upande wa Manyoni. Nyumbani tuna wengine watatu. Naomba utupe zile bahasha zako, tuwe nazo njiani."

Nililia mbele yake. Na yeye, jamani, akaanza kunibembeleza! Alidhani nalia kwa huruma. Nikamwambia awalete hao watoto, akawaleta, nikawapima wote. Mmoja alikuwa na malaria, nikampa dawa yake sahihi. Wawili walikuwa wazima, sikuwapa kidonge hata kimoja, na baba yao akashangaa. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli, nikaufunga. Mama Limi hakuingia ndani. Nilimwona dirishani amekaa chini, amegeukia barabara. Sikutoka kwenda kumsalimia.

Sasa hivi wako wapi, sijui. Bahasha sijazi tena. Mwanangu wa mwisho akipata joto kidogo tu namtoboa kidole pale pale, halafu nakaa natazama kile kipimo mpaka muda wake uishe. Kanisani nimeshapanga foleni ya kuungama mara mbili, na mara zote mbili nimeondoka kabla haijafika zamu yangu. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Wenzangu mnaovaa koti jeupe, nawaombeni. Mgonjwa muulize ametoka wapi kabla hujamuuliza anakwenda wapi. Antibiotiki si ya kumfukuzia mtu kwenye foleni. Na wewe mama unayepita na mifugo, au uliyekuja kibarua kwenye mashamba ya vitunguu, ukiomba mtoto apimwe ukafokewa, usiinuke. Wakicheka, waache wacheke, kaa hapo hapo.

Na tabibu mwenzangu, siku mpitaji akirudi, usimkasirikie kama nilivyofanya mimi. Akirudi, ujue amekuletea mtoto ambaye bado anaweza kupona.