Mama, kichupa cha unga na hewa ya kisimani

Leo nimemliza mama yangu, na wala sikukusudia.

Jana nilirudi nyumbani Msamala kutoka chuoni. Asubuhi nikamwonyesha kichupa cha unga ninaoufanyia utafiti. Ni polima, jamaa ya plastiki, yenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo vinanasa hewa ya ukaa.

(Nilijiona profesa kabisa, jamani.)

Mama akakigeuzageuza kichupa.

"Hewa hiyo ndiyo iliyomuua baba yako kisimani?"

Baba alikuwa mchimba visima. Nilikuwa darasa la sita alipofia huko chini. Sikuwahi kumwambia mama kwamba nilichagua kemia kwa ajili hiyo.

"Ndiyo, mama. Ni nzito, inatuama chini."

"Unga huu ungekuwepo, angepona?"

"Hapana, mama. Bado tunaujaribu maabarani tu."

Akanirudishia kichupa. Kisha akasema jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kulisikia.

"Siku ile ndoo ilibaki kisimani. Mimi ndiye niliyemwambia ashuke tena kuifuata."

Miaka yote hiyo!

Nikamshika mikono. Nikamweleza kwamba hewa ile haina rangi wala harufu. Yeye asingeweza kujua. Hata baba hakujua.

"Kweli, mwanangu? Au unanifariji tu?"

"Kweli, mama. Hii ndiyo kazi yangu."

Akalia mpaka kanga ikalowa. Hata msibani sikumwona akilia hivyo.

Sasa amelala. Mimi nimekaa kwenye mkeka pembeni yake.

Ninyi mlio na wazazi, mnajua wanajilaumu kwa lipi?