Kitanda Kimoja, Wagonjwa Wawili

Ofisini walimwita Kobe, wala hakukasirika. Katika miaka aliyoitumia kutengeneza chombo chake, wenzake walihama kazi, wakajenga, wakaozesha. Chombo chenyewe kilikuwa programu ya kukagua programu nyingine: kilitafuta mahali ambapo kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja hugombania kitu kimoja. Hospitali iliyowaajiri iliujua ugomvi huo. Wauguzi wawili, kila mmoja na kompyuta yake, waliwahi kubonyeza sawia, na kitanda kimoja kikapewa wagonjwa wawili. Chombo kikifaulu majaribio, kingewekwa pale. Kobe hakutaka kingine duniani.

Majaribio alipewa mke wa mdogo wake, mpimaji wa programu, mwanamke mwenye ulimi.

"Shemeji, haya makosa unayotaka nijaribie yametoka wapi?"

"Nimeyapanda mwenyewe. Chombo kimeyanasa yote."

"Kitaachaje? Umemficha mwizi uvunguni kwa mkono wako, halafu unajisifu umemkamata."

"Mdogo wangu anaishije na wewe?"

"Analala jicho moja wazi."

Akayatupa makosa ya kupandwa. Akafukua programu za hospitali jinsi zilivyokuwa kabla ya kutengenezwa, zenye makosa yaliyowahi kuwaumiza watu kweli. Kila moja akaiendesha tena na tena, kwenye kompyuta za kasi na zile kongwe, maana makosa ya aina hii ni kinyonga: sasa unayaona, ukigeuka hayapo. Pembeni akaweka chombo cha washindani, kipimwe kwa kipimo kilekile. Kobe akanung'unika kwamba anacheleweshwa. Yeye, Kobe.

Zamani seremala alikuonyesha ufa wa meza kabla hujauliza bei. Siku hizi bidhaa husifiwa na aliyeitengeneza, na mnunuzi hupiga makofi. Uungwana ule umezikwa, wala hakuna aliyelia.

Matokeo yakatoka. Chombo cha washindani kilipiga kelele hata pasipo na kosa. Cha Kobe kilikuwa kimya zaidi, ila kilinasa pungufu ya nusu, na kosa la kitanda hakikuliona hata mara moja.

"Ukitaka, peleka yale majaribio yako ya kwanza," shemeji yake akasema taratibu. "Jina langu sitatia, lakini sitakuzuia."

Kobe alikaa akifuta miwani isiyo na vumbi. Kisha akainuka, wakapanda pamoja hadi kwa daktari mkuu.

"Kimefaulu?" daktari akauliza.

"Kosa la kitanda kimelipita, daktari. Kila tulipojaribu."

"Basi hatukiweki."

"Msikiweke."

Wakaanza kushuka ngazi.

"Shemeji, umekula?"

"Sina njaa."

"Nani kakuuliza njaa? Twende ukale, unieleze kwa nini kimelipita."

Kobe akashika ukuta, akafikiri. Hata ngazi hawajazimaliza, alikuwa amekwisha kuanza kueleza.