Hodi Tatu za Bi Esha

Hodi. Niliisikia kabla sijaona chochote, na ningependa nawe uanzie hapo: kwenye sauti, bila uso. Sikuota, sikuwa na homa, wala hapa situngi. Najua wanaonifahamu watacheka, kwa kuwa kutunga ndiyo kazi niliyojichagulia. Hadithi zangu nazitunga. Hili lilinipata, nyumbani kwetu Lamu, baina ya adhuhuri na alasiri, wakati mji mzima umelala usingizi wa mchana.

Siku hizo nilikuwa nikitengeneza nyimbo za wanawake. Kwetu kuna nyimbo ambazo mwanamke huziimba mbele ya wanawake wenzake tu, na hawezi kumpelekea kijana wa studio sauti yake akakae nayo masikioni. Basi waliniletea mimi. Walijirekodi kwa simu, jikoni, chumbani, mmoja ndani ya kabati la nguo. Mimi nikizimiksi, yaani nikipatanisha sauti na ngoma mpaka kila kimoja kipate mahali pake, kisha nikizimasta, yaani nikiupa wimbo mng'aro wa mwisho na nguvu ya kusikika ukumbini. Studio yangu ilikuwa chumba cha ndani kabisa, alimokuwa akilala marehemu bibi. Ukuta mmoja una zidaka, vile vishimo vya chokaa walimowekea wazee sahani zao za kaure. Niamini, zidaka huvunja mwangwi kuliko godoro lolote nililowahi kutundika.

"Wenzako wanasomea udaktari," mama alikuwa akinitania, "wewe unasomea mwangwi."

"Mwangwi nao huugua, mama."

Salma alikuja kutoka kijiji cha Chundwa, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa anaolewa. Mamake, Bi Zuhura, alifariki mwaka uliotangulia, na alipojua kwamba harusi haitamkuta, alimwimbia mwanawe wimbo wa vugo, zile nyimbo za harusi zinazopigiwa pembe. Dakika nne tu. Sauti ya mgonjwa, ndogo, imefunikwa na jenereta ya jirani, kuku, na mafuta yanayolia karaini.

"Nataka ijae ukumbi siku ya kupambwa kwangu," aliniambia. "Nataka wanawake wote wanyamaze. Na kelele zitoe. Zote, dadangu. Nisisikie kitu ila mama."

Sikuwahi kupewa kazi niliyoiogopa vile. Ningeharibu hata kidogo, ningekuwa nimemharibia mtu mama.

Nilianza na jenereta, nikaipunguza taratibu, kisha kuku, kisha mafuta. Halafu nikaibana sauti. Kubana ni hivi: palipo juu unapashusha, palipo chini unapapandisha, mpaka wimbo wote usimame kimo kimoja. Ubaya wake ni kwamba sauti ndogo ikipanda, hupanda na kila kilicholala chini yake.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa kupokezana. Bi Zuhura anaimba, "Mpisheni mwari ndia," yaani bibi harusi apishwe njia, kisha ananyamaza mahali ambapo mwenzake angeitikia. Hakuna anayeitikia. Anaendelea. Nafasi tupu zilikuwa tatu, na nilipobana, zikaanza kupumua.

"Hodi."

"Karibu!" nikaitika.

Ungefanya nini wewe? Kwetu hodi haijibiwi kwa kufikiri. Ulimi hujibu wenyewe, hata mikono ikiwa kwenye unga. Nikavua hedifoni, nikatoka hadi mlangoni. Kichochoroni hapakuwa na mtu, ila punda wa jirani amesimama kivulini. Nikarudi, nikasikiliza tena, na hapo ndipo nilipoelewa. Hodi ilikuwa ndani ya wimbo. Moja katika kila nafasi tupu, sauti ya mwanamke, mbali, nje ya mlango fulani wa Chundwa. Baada ya ya tatu, nyayo zikiondoka.

Nilicheka peke yangu kwa aibu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa zote, nikazifuta hodi zote tatu katika nakala ya kazi. Wimbo ukabaki safi kama sahani iliyooshwa.

Kesho yake, saa zile zile, nilikuwa nikirekodi mdundo wa pembe niuweke chini ya sauti ya Bi Zuhura. Maiki ilikuwa wazi. Nikahisi mtu, nikageuka. Mwanamke alikuwa amesimama kizingitini, amevaa buibui la zamani, lile la kufungwa kichwani kwa kamba. Miguu yake? Kama unangoja kwato, samahani. Ilikuwa miguu ya kawaida, yenye hina iliyofifia kwenye kucha.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyenambia karibu jana?"

"Karibu ipi, Bi?"

"Kwani huwakaribisha wangapi kwa siku?"

Nilicheka kwa jinsi alivyolisema. Nikamwambia akae nimtilie kahawa.

"Sikai. Nimekuya kwa neno moja. Usinifute."

Nilimtazama bila kumwelewa, naye akanisemesha kama mtu anayemwelekeza mtoto ndia ya kwenda dukani. "Zuhura aliniachia nafasi yangu. Aliimba, akanyamaza. Mimi nilikuwa nje ya mlango, na jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini nani huimba ndani ya nyumba ya watu kabla hajakaribishwa? Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Nikapiga ya tatu, nikaenda zangu. Ya nne haipigwi."

"Lakini mimi nilikujibu, Bi."

"Ahsante. Ila mlango haukuwa wako."

Ndipo macho yangu yalipoangukia kwenye kompyuta. Kuna mstari wa kijani unaojichora na kupanda kila maiki inapopokea sauti. Niliposema mimi, ulikuwa umepanda. Aliposema yeye, ulikuwa umelala. Maiki ile ilikuwa ikinasa hata mkufu wangu ukigusa kitufe cha nguo. Nilipoinua uso, kizingiti kilikuwa kitupu.

Mama alinikuta nimekaa chini. "Ulikuwa ukisema na nani?"

Nikamsikilizisha kilichorekodiwa. Ilikuwa sauti yangu peke yake: "Shikamoo, Bi." Kimya. "Karibu ipi, Bi?" Kimya, kisha kicheko changu. Mama alisoma Ayatul Kursiyyu, akanivuta mkono tukatoka chumbani.

Nilimpigia simu Salma, nikamweleza buibui na hina.

"Huyo ni Bi Esha," alisema. "Tulimzika kabla ya arubaini ya mama."

Kisha akanieleza. Bi Zuhura na Bi Esha waliimba vugo pamoja tangu usichana wao, mmoja akianza, mwenzake akiitikia, na hapakuwa na harusi Chundwa isiyowaalika. Siku moja waliitwa harusini kisiwani Ndau. Bahari ilimchafua Bi Zuhura, akafika hana sauti, na Bi Esha akaimba pande zote mbili. Mwanamke mmoja akatania, "Kumbe mmoja anatosha!" Ukumbi ukacheka. Bi Esha naye akacheka. Kwa kicheko kile, wanawake wawili waliokula sinia moja ujana wao wote hawakusemezana tena.

"Mimi ndiye niliyeshika simu siku ile jikoni," Salma alisema. "Nilizisikia zote tatu. Mama aliniwekea kidole mdomoni, ninyamaze. Lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Nikasema kesho nitakwenda kwa Bi Esha nimwombe radhi. Kesho mama akazidiwa."

"Kwa hiyo zile kelele ulizotaka nizitoe..."

"Nilitaka nisizisikie tena maisha yangu."

"Basi nifanyeje, Salma? Wimbo ni wako."

Alikata simu. Kabla ya magharibi akaniandikia neno moja: Zirudishe. Nikazirudisha hodi zote tatu.

Nilikuwepo siku ya kupambwa kwake, nimekaa nyuma ya spika. Mwari akishapambwa hukaa juu ya kiti, macho kayafumba, asiseme wala asitikisike, wanawake wamtazame mpaka watosheke. Salma alikaa hivyo. Niliuachia wimbo, na sauti ya Bi Zuhura ikapanda, ikajaa hadi kwenye boriti. Wanawake walinyamaza. Bibi mmoja akajifunika uso kwa leso.

"Mpisheni mwari ndia..."

"Hodi."

"Karibu!" waliitika walio karibu na mlango, mmoja akainuka kutazama. Hodi ya pili wakaitika tena, safari hii kwa kicheko. Niliona kidevu cha Salma kikitetemeka chini ya dhahabu. Ikaja ya tatu, na mwari akafumbua macho.

"Karibu, Bi Esha," alisema, kwa sauti ambayo haikuhitaji spika. "Ingia, mamangu. Utuwie radhi."

"Mwari kanena!" mtu akapiga ukelele. Lakini ukelele haukufika mbali, kwa kuwa sauti nyingine ilikuwa imeanza, ya mwanamke mtu mzima, imekwaruza kidogo, na inayojua njia yake: "Apite na nuru yake."

Kila mwanamke mle ndani alidhani aliyeimba ni jirani yake. Mimi niliyekuwa na wimbo ule mikononi kwa siku nyingi najua hauna jibu. Bi Zuhura akapokea, akaendelea mpaka mwisho, na sikusikia nyayo za mtu anayeondoka.

Tangu hapo sijasafisha wimbo hata mmoja bila kwanza kuuliza nani yuko ndani yake. Wengi walionipa sauti zao sasa hawapo. Ninazo pumzi zao, vikohozi vyao, watoto wao wakilia chumba cha pili. Mambo yale yale niliyolipwa kuyatoa ndiyo ninayoyatafuta nikiwakumbuka. Nawe unayejirekodi nyumbani, nakuonya: kelele usiifute kabla hujaisikiliza. Na ukiisikia hodi ukiwa na hedifoni masikioni, ushike ulimi. Karibu ikishatoka hairudi, na aliyekaribishwa ana haki ya kukaa.

Mwezi uliopita Salma alikuja kunitembelea. Alitaka niifute ile nakala safi, nikaifuta mbele yake. Tulikunywa kahawa, akanionyesha picha za mwanawe, akajitia buibui na kuaga. Pale mlangoni alisimama, akajibanza pembeni, akaushikilia ubao wa mlango wazi kwa muda, kama unavyomshikilia mlango mtu mzima apite mbele. Kisha akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.