Mstari wa Buluu wa Kocha Blažej

Blažej Kuchárik alikuwa na hakika na mambo mawili duniani: lifti na hoki. Lifti alizitengeneza miaka ishirini na sita kwenye maghorofa ya mtaa wetu, na hapakuwa na mota iliyoweza kumfanyia jeuri. Hoki aliicheza kwenye barafu, ligi ya daraja la pili, majira kumi na moja ya baridi, mpaka goti la kushoto lilipomgomea. Kwa hiyo shemeji yake Zdena, mwenyekiti wa klabu yetu ya hoki ya mpira, alipomwendea mwezi wa Machi na kumwomba awafundishe watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, maana kocha wao alikuwa amepata kazi Austria, Blažej alikubali hata supu hajaimaliza.

“Kitabu cha sheria hiki hapa, shemeji,” Zdena alisema. “Tafadhali kisome.”

“Hoki ni hoki,” Blažej alijibu, akakiweka juu ya friji.

Hapo ndipo alipojiponza, ingawa ilimchukua wiki nne kujua. Ni kweli kwetu hakuna barafu. Watoto hukimbia na viatu vya michezo juu ya lami, wakifukuza kijipira kigumu cha rangi ya chungwa. Lakini fimbo ni zilezile, magoli ni yaleyale, na mistari miwili ya buluu imechorwa, na mwekundu katikati. Na mtu wa barafu ana amri moja iliyomwingia hadi kwenye mifupa: mkiwa mnashambulia, kile kisahani kinachochezewa kikirudi nyuma ya mstari wa buluu wa wapinzani, hata kwa upana wa kidole, wote mnatoka kwanza katika eneo lao ndipo mwingie tena. Asiyetoka ameotea.

Basi kila kijipira kilipodunda nyuma ya mstari ule, Blažej alipanda juu ya benchi, goti na yote, akafoka mpaka njiwa wakahama paa: “Tokeni! Tokeni nje wote!”

Watoto walitoka mbio. Wapinzani, waliokuwa wamebanwa kwenye kona hawana pa kupumulia, waliokota mpira taratibu, wakaenda kufunga. Mechi ya kwanza tulifungwa saba kwa moja. Ya pili nane bila. Ya tatu tisa kwa mawili. Refa hakusema neno, kwa sababu mtoto anayekimbia kurudi nyuma hajavunja sheria yoyote. Kocha wa timu pinzani alikuja baada ya ile ya tatu, akampa mkono huku anatabasamu.

“Asante sana, mzee. Wewe ni mtu mkarimu kweli.”

Blažej alidhani anashukuriwa kwa chapati za viazi alizokuwa akikaanga Zdena kando ya uwanja.

Watoto walianza wakiwa kumi na wanne. Baada ya mechi ya tatu walibaki sita. Na ligi ina sharti lisilo na mjadala: timu isiyoleta wachezaji wanane Jumamosi inafutwa mpaka mwaka ujao. Watoto wa umri ule hawangoji mwaka ujao. Wanakaa ndani na simu, na uwanja unabaki wa kuanikia mazulia.

Jumatano Blažej alikuwa akijaribu lifti ya jengo la tisa, alipoingia mama yake Oto na Ctibor, mapacha wanaocheza mbele kwenye timu, akiwa na mifuko miwili ya sokoni.

“Mama Oto! Wanangu wako wapi? Mazoezi ya jana sikuwaona.”

“Nimewatoa, fundi. Usinichukie.”

“Kwa sababu ya kufungwa? Si mchezo huo?”

“Kufungwa si kitu. Oto alikuwa hataki kuvua jezi hata kulala. Sasa anageukia ukuta, ananiambia, ‘Mama, mimi siwezi chochote.’ Ana miaka kumi, fundi!” Lifti ilifika ghorofa ya sita, naye akatoka bila kuaga.

Blažej alibaki mle ndani, mlango ukifunguka na kujifunga, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alijisikia vibaya sana.

Alhamisi walikuja wale sita. Golikipa wao alikuwa Heda, msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye ulimi usio na breki, ambaye kwa kukaa golini alikuwa ameona kila kitu tena na tena. Blažej aliwaketisha.

“Niambieni ukweli. Tunakosea wapi?”

Walitazamana. Heda akavua kofia yake ya chuma.

“Kocha, usikasirike.”

“Sikasiriki.”

“Tayari umekasirika.”

“Heda! Sema, mwanangu.”

“Kwa nini huwa tunatoka nje? Kwenye hoki ya mpira hatutoki. Mpira ukishaingia kule kwao, eneo letu la kushambulia linarefuka mpaka mstari mwekundu. Ukirudi nyuma ya buluu tunaendelea tu.”

“Nani kasema?”

“Sheria, Kocha. Hata huyu mdogo anajua.”

Yule mdogo akatikisa kichwa kwamba ndiyo, anajua.

“Mnajua? Wote? Na wiki zote hizi mnatoka tu mbio kama kondoo?”

“Tulidhani ni mbinu yako,” Heda alisema. “Wewe si umecheza kwenye barafu? Tulisema tungoje, labda itafanya kazi baadaye.”

Blažej aliwaambia wapige mashuti golini, akaenda kusimama nyuma ya kibanda cha vifaa. Afadhali wangemcheka. Lakini walikuwa wamemwamini, magoli ishirini na manne, wakingoja mbinu ya mzee wao izae.

Nyumbani alikishusha kitabu. Sheria ile ilikuwa ukurasa wa kumi na nne, kwa maneno ambayo hata lifti ingeelewa. Na shetani hakuchelewa kumnong’oneza: Jumamosi sema mna mbinu mpya. Nani atajua? Heshima yako inabaki palepale, fundi Kuchárik wa barafu. Alilitafuna wazo hilo mpaka chai ikapoa, na lilikuwa tamu kweli. Ila kila alipotaka kulimeza, alimwona Oto amegeukia ukuta.

Ijumaa baada ya kazi alianza kugonga milango. Nyumba za watoto wote waliokuwa wameacha alizijua, kwa kuwa hakuna lifti hapa mtaani ambayo hajawahi kulala chini yake. Kila mlango aliomba mtoto aitwe, si mzazi, na aliposimama mbele yake alisema maneno yaleyale: “Nilikosea sheria. Nyinyi mlikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyewafungisha.” Babu mmoja alicheka mpaka akashika meno yake yasidondoke. Baba mmoja alimfungia mlango usoni. Nyumba ya tatu ilikuwa tupu, wamekwenda shamba kupanda viazi.

Kwa mapacha alifika mwisho. Ctibor alisikia, akaruka, akaenda kutafuta fimbo. Oto alibaki mlangoni na soksi zake, anamkagua mzee huyu mrefu kuanzia viatu kwenda juu.

“Kwa hiyo sisi si wabovu?”

Blažej aliinama, goti na yote. “Hapana, mwanangu. Hamjawahi kuwa wabovu.”

Jumamosi walikuja kumi. Walitangulia kufungwa mawili, wakarudisha moja, na kipindi cha tatu walikuwa wamewabana wageni golini kwao, kama walivyokuwa wakiwabana watu tangu mwanzo bila faida. Kijipira kikagonga goti la beki, kikaruka nyuma ya mstari wa buluu.

Majira kumi na moja ya barafu hayakumpa Blažej muda wa kufikiri. Alijikuta juu ya benchi, mdomo wazi: “Tokeni! Tokeni nje wote!”

Hakuna aliyetoka. Hata mmoja. Ctibor alikiwahi kijipira karibu na mstari mwekundu, akapiga kelele bila kugeuka, “Tulia, Kocha!” akampasia Oto mbele ya goli, na Oto akapiga. Wavu ukatikisika. Upande wa pili wa uwanja Heda alikuwa anaruka peke yake na mapedi yake makubwa, na mama Oto alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua.

Zdena alikuja mbio na mwiko wa chapati mkononi, akamkuta Blažej ameketi chini kando ya benchi, uso umelowa.

“Shemeji, vipi? Goti?”

“Hawanisikilizi,” Blažej alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. “Umeona, Zdena? Hawanisikilizi kabisa!”